Hakiki Kabla, Tunza Karatasi Baadaye: Mbinu za Bima ya Gari kwa Watu wa Same na Milima ya Upare

Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, basi la abiria na Coaster viligongana uso kwa uso eneo la Sabasaba, wilayani Same, kisha vikashika moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Ndani ya Coaster walikuwamo watu waliokuwa wakielekea Moshi kwenye harusi. Taarifa ya awali ya serikali ilitaja kupasuka kwa tairi la basi kuwa chanzo, na miili mingi iliungua kiasi cha kuhitaji vipimo vya vinasaba ili itambuliwe.

Ajali ya namna hiyo huacha majonzi, na nyuma ya majonzi huacha maswali ambayo familia haikujiandaa kuyajibu. Nani anagharamia matibabu ya majeruhi? Watoto waliobaki watasomeshwa na nani? Chombo kile kilikuwa na bima? Bima ya aina gani, kutoka kampuni ipi, na dai linapelekwa wapi?

Sheria ya kumlinda mwananchi ipo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima ya kufidia kifo na majeraha ya watu wengine. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, iwe mlinzi wa soko zima: kutoa leseni kwa kampuni, mawakala na madalali wa bima, kupanga viwango vya chini vya ada, na kupokea malalamiko. Kwetu msimamizi ni mmoja, Bara na Zanzibar, kwa hiyo anayoyajua mtu wa Same yatamfaa pia akifika Dar es Salaam au Unguja.

Tatizo ni kwamba ulinzi huu haupandi mlima wenyewe kumfuata mtu Vudee, Chome au Mamba Miamba. Humfikia aliyehakiki bima kabla ya safari na aliyetunza karatasi baada ya ajali. Mbinu zifuatazo ni za mwenye chombo, dereva, abiria, na ndugu wanaobaki na mzigo wa kufuatilia.

1. Jua umenunua bima ipi

Watu wengi husema "gari langu lina bima" wakaishia hapo. Bima ya gari ni ya aina kuu mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Bima ndogo ndiyo ile ya lazima kisheria. Inamlinda mtu wa tatu: mtembea kwa miguu uliyemgonga, mwendesha baiskeli, watu waliomo kwenye gari la mwenzako, na kwa gari la biashara ya abiria, abiria waliolipiwa viti vyao katika bima. Mikataba mingi hufidia pia mali ya mtu wa tatu hadi kiwango kilichoandikwa. Gari lako mwenyewe halimo. Likipinduka kwenye kona za kupanda Suji, matengenezo ni ya mfukoni mwako.

Bima kubwa inabeba yote ya bima ndogo, kisha inaongeza gari lako: ajali, moto na wizi. Kwa gari binafsi, kiwango cha chini kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari la shilingi milioni 20 litalipiwa 700,000, na kodi 126,000, jumla 826,000 kwa mwaka. Bima ndogo ya gari dogo binafsi imezoeleka kuwa 118,000 pamoja na kodi, na ya pikipiki 59,000. Kwa magari ya abiria ada huongezeka kwa idadi ya viti. Ukitajiwa bei iliyo chini sana ya hizi, usifurahie punguzo. Uliza kwanza inatoka wapi.

Anayekata bima kubwa aangalie mambo matatu kabla ya kulipa.

Kwanza, thamani iwe ya kweli. Wapo wanaoandika thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme gari lako lina thamani ya milioni 20 nawe umeandika milioni 12. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, hasara ya milioni 5 utalipwa milioni 3 tu, kwa sababu ulikatia bima asilimia 60 ya gari. Ulichookoa kwenye ada ni shilingi laki tatu na ushee, na ulichopoteza ni milioni mbili.

Pili, uliza kiasi ambacho mwenye gari huchangia kwenye kila dai. Karibu kila mkataba unacho. Kijue leo ili kisikushtue gereji.

Tatu, uliza kwa kinywa, na uombe uonyeshwe kwa maandishi, kama mafuriko na maporomoko ya ardhi yamo. Kwa mtu wa tambarare swali hilo linaweza kuonekana la ziada. Kwa mtu wa Upare ni la msingi. Mwezi Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu. Kila msimu wa mvua kubwa barabara za juu huteleza na kingo zake humeguka.

2. Lipa kwa mwenye leseni, kisha hakiki hapohapo

Zamani stika ya karatasi ilibandikwa kiooni, na vishoka waliichapisha watakavyo. Siku hizi stika ni ya kielektroniki. Taarifa za bima yako huingizwa kwenye mfumo wa TIRA uitwao TIRA MIS, na askari wa usalama barabarani huziona kwa simu yake. Jambo ambalo wananchi wengi hawalitumii ni kwamba na wewe unaweza kuziona, bila kulipa chochote.

Fanya hivi ukiwa bado umekaa mbele ya wakala, iwe ni dukani stendi ya Same au kwenye tawi la benki inayouza bima. Fungua tovuti ya TIRA MIS kwenye simu, chagua sehemu ya kuhakiki bima, andika namba ya usajili wa gari au namba ya stika. Kisha soma mambo manne, moja baada ya jingine, ukiwa na kadi ya gari mkononi:

- Jina la kampuni ya bima. Liwe ndilo lililo kwenye risiti yako.
- Namba ya usajili. Herufi moja ikikosewa, bima hiyo ni ya gari la mtu mwingine.
- Tarehe ya kuanza na ya kuisha. Umelipia mwaka, basi uone mwaka.
- Aina ya bima na matumizi ya chombo. Umelipia bima kubwa, isiandikwe ndogo. Ni gari la biashara, lisiandikwe binafsi.

Kama hakuna kitu kinachoonekana, usiondoke. Wakala akikwambia "mtandao uko chini, itaingia jioni", mwombe akurudishie fedha mpaka mtandao urudi, au ubaki na gari limeegeshwa. Ukiingia barabarani kabla bima haijasajiliwa na ajali ikatokea saa hiyo, utakayemlaumu hatakuwapo.

Risiti, hati ya bima na namba ya simu ya wakala viwekwe sehemu mbili: nakala ndani ya gari, nyingine nyumbani. Gari likiungua, karatasi zilizomo huungua nalo. Piga picha kila ukurasa na uitume kwa mwenza au mtoto wako.

Umenunua gari au pikipiki iliyotumika? Hamisha umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha ijulishe kampuni ya bima. Vyombo vingi milimani bado vina kadi ya mmiliki wa zamani aliyeko Dar es Salaam au Arusha. Siku ya dai, kampuni itauliza kwa nini anayedai si yule aliyeandikwa.

3. Tamka matumizi halisi ya chombo

Hapa ndipo madai mengi ya kwetu yanapovunjikia. Bima hukatwa kulingana na matumizi. Gari binafsi ni la kwako na familia yako. Ukilipakia abiria wa kulipa, hata siku moja ya gulio, umetoka nje ya mkataba.

Tunajua jinsi usafiri ulivyo. Barabara nyingi za kupanda milimani hazina mabasi ya kutosha, na wanaookoa watu ni Noah na Probox tunazoziita michomoko, Land Rover za zamani, na bodaboda. Kazi yao ni ya heshima: ndio wanaomfikisha mama mjamzito hospitali ya wilaya na kumrudisha mwanafunzi shuleni. Kwa sababu hiyohiyo abiria wao wanastahili bima inayowahusu. Mwenye mchomoko akate bima ya biashara ya abiria kwa idadi ya viti vyake, na awe na leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Ada itapanda kidogo, lakini siku ya ajali hatauza shamba la babu yake kulipa fidia.

Mwenye bodaboda amuulize wakala swali moja: "Abiria wangu amo?" Bima ya pikipiki ya binafsi na ya biashara si kitu kimoja.

Mwenye Fuso au kenta ya kubeba tangawizi kutoka Mamba Miamba, viazi au mbao, akumbuke kwamba gari lile limekatiwa bima ya mizigo. Wanaopanda juu ya magunia hawamo. Abiria naye ajue hivyo kabla hajaomba lifti. Ukiwa juu ya mzigo, ukiumia, unaweza kukuta hakuna bima inayokutambua.

Na wanaovuka Holili kwenda Taveta na kuendelea Kenya wakate Kadi ya Njano, ambayo huongeza nguvu ya bima ya mtu wa tatu nje ya mpaka. Bima ya Tanzania pekee haivuki.

4. Gari la harusi au msiba likodiwe kwa masharti

Wapare wametawanyika nchi nzima, na huunganishwa na misiba na harusi za nyumbani. Kamati hukaa, michango hukusanywa, Coaster hukodiwa. Katika bajeti kuna chakula, sare, jeneza, mafuta. Mara chache kuna mtu aliyepewa kazi ya kukagua gari.

Mteue mtu mmoja wa kamati kwa kazi hiyo tu. Kabla ya kutoa fedha ya awali afanye haya:

- Aombe namba ya usajili ya gari litakalokuja, ahakiki bima kwenye TIRA MIS. Siku ya safari likija gari jingine, ahakiki upya kabla mtu hajapanda.
- Aone leseni ya LATRA, na kama safari ni ya kukodi nje ya njia ya kawaida, aone kibali chake.
- Ahesabu viti vilivyokatiwa bima, alinganishe na orodha ya wasafiri. Vigoda vya katikati havimo.
- Aone leseni ya dereva na daraja lake. Safari ikiwa ni ya usiku au ni ndefu, adai dereva wa pili.
- Akanyage na kuangalia matairi kwa macho yake, pamoja na la akiba.

Orodha ya majina ya wasafiri na namba za simu za ndugu zao iachwe nyumbani. Ndiyo itakayothibitisha nani alikuwamo.

5. Siku ya ajali, fuata mpangilio huu

Okoa watu kwanza. Majeruhi aliye hoi akimbizwe hospitali, na ndugu mwingine aende polisi kuchukua PF3. Fomu hiyo ndiyo inayounganisha majeraha na ajali. Bila hiyo, matibabu yako yanaweza kuonekana ni ya ugonjwa mwingine.

Kisha kusanya ushahidi kabla magari hayajasogezwa. Picha za namba za usajili za vyombo vyote, mahali vilipo, alama za breki, hali ya barabara. Majina na simu za mashahidi wawili au watatu, hasa wasio abiria wa upande wowote. Hakiki bima ya gari la mwenzako kwenye TIRA MIS hapohapo, upige picha ya skrini inayoonyesha kampuni yake.

Usikubali kumalizana kienyeji pembezoni mwa barabara pale ambapo kuna aliyeumia. Laki mbili za leo hazitatosha mguu ukihitaji upasuaji hospitali ya KCMC wiki ijayo. Na wewe mwenye bima, usikiri kosa wala kuahidi malipo. Mikataba mingi inakukataza kufanya hivyo bila idhini ya kampuni, na kauli yako inaweza kutumika kukunyima malipo.

Toa taarifa polisi, na uijulishe kampuni ya bima mara moja: kwa simu siku hiyohiyo, kisha kwa maandishi. Usianze matengenezo kabla mkadiria hasara hajaliona gari. Gari likivutwa hadi kituoni, andika vifaa vilivyomo na upige picha, kuanzia betri hadi redio.

6. Andaa faili la dai

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dai la bima ni mali. Nunua faili moja. Kila karatasi iingie humo, kila simu iandikwe tarehe na jina la uliyeongea naye.

Majeruhi anahitaji PF3, taarifa ya daktari inayoeleza majeraha na ulemavu wowote unaobaki, risiti zote za dawa, nauli na vipimo, na uthibitisho wa kipato alichopoteza. Mkulima wa tangawizi au mama lishe asiye na hati ya mshahara alete barua ya serikali ya kijiji, stakabadhi za mauzo, na picha za biashara.

Familia ya marehemu inahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua msimamizi wa mirathi. Chagueni msimamizi mwaminifu mapema na mtaje wategemezi wote, wakiwamo wazazi wazee na watoto wa nje ya ndoa. Fidia ni ya wategemezi. Msimamizi ni mtumishi wao.

Wote watahitaji nyaraka za polisi: taarifa ya ajali, ramani ya eneo, ukaguzi wa magari, na kama dereva alishtakiwa, hati ya mashtaka na nakala ya hukumu. Fuatilieni kesi ya trafiki mahakamani, mkajue inasomwa lini. Familia nyingi husubiri bila kujua kwamba kesi iliisha miezi iliyopita na hukumu iko tayari kuchukuliwa.

Mtu wa tatu aiandikie barua kampuni ya bima ya aliyemgonga, aambatanishe nakala na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akiamua kumshtaki mhusika, aipe kampuni notisi ya maandishi kabla ya kufungua kesi. Sura ya 169 inaitaka kampuni ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha yaliyo ndani ya bima ya lazima, na notisi hiyo ndiyo inayoifunga.

Jihadharini na wanaojitokeza hospitalini au msibani wakiahidi "kuifuatilia fidia" kwa kugawana nusu kwa nusu. Na msitie saini hati ya kukubali malipo ya mwisho wakati mgonjwa bado anaendelea na matibabu. Saini hiyo hufunga mlango.

7. Ukikataliwa au kuzungushwa

Kampuni iliyopokea nyaraka zote na isiyo na ubishi juu ya dai inatakiwa kulipa ndani ya siku 45. Ndiyo maana muhuri wa tarehe kwenye nakala yako ni wa thamani: unaonyesha hesabu ilianza lini. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, ikitajwa na kipengele cha mkataba. "Bosi amekataa" si sababu.

Kisha panda ngazi kwa mpangilio. Anza na malalamiko rasmi makao makuu ya kampuni. Usiporidhika, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi inayojulikana kwa kifupi TIO, ambayo husikiliza migogoro kati ya wateja na kampuni za bima bila kumtoza mlalamikaji. Malalamiko ya mwenendo, kama wakala asiye na leseni, ada iliyopokelewa bila kusajiliwa, au kampuni inayonyamaza, yapelekwe TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Barua fupi hufaa kuliko ndefu: ulikata bima lini, ajali ilitokea lini, nyaraka ziliwasilishwa lini, umejibiwa nini, unaomba nini.

Mahakama ipo kwa yaliyoshindikana, lakini muda haukusubiri. Dai la madhara, kama kuumizwa na uzembe wa dereva, lina ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Asiye na uwezo wa wakili aulize ofisi ya halmashauri walipo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Anza wiki hii

Chukua simu yako, andika namba ya gari lako kwenye TIRA MIS. Andika na ya bodaboda anayewapeleka watoto shule, na ya mchomoko unaopanda kila siku ya gulio. Ukikuta bima imeisha, mwambie dereva kwa upole, maana mara nyingi hata yeye hajui, na mwombe akate kabla ya safari inayofuata. Kwenye mkutano wa kijiji, kwenye kikoba, kanisani na msikitini, watajie wenzako kwamba uhakiki huu hauna gharama. Dereva anayejua kwamba abiria wote wa stendi wanahakiki hatathubutu kuwapakia bila bima.